Udongo wa Mfinyanzi wa Kilwa

Siku ya kukabidhi ofisi niliandika maelezo ya makabidhiano kama utaratibu unavyotaka. Yalikuwa ya ukurasa mmoja, na yalihusu funguo, tanuri dogo, hadubini mbili na feni isiyozunguka. Baadaye vijana wa maabara wakaniambia, "Bi Zaina, yale ya funguo tumeyaelewa. Tuandikie na yale mengine." Haya ndiyo yale mengine. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, maana ndio huo huo wenu.

Kwa wasioijua kazi yetu, tulikuwa tunatafuta bahari ndani ya udongo. Tuliitafuta Dodoma, mji ambao mtu akimwaga ndoo ya maji barabarani majirani hutoka kumtazama. Kwa nini bahari ihifadhiwe mbali kiasi hicho na pwani, sikuwahi kupewa jibu zaidi ya kwamba hapa ni katikati ya nchi. Ni jibu zuri. Katikati ni mbali sawasawa kwa kila mtu.

Nilitoka Kondoa na cheti changu cha ufundi wa maabara na viatu vya kuazima. Aliyenipokea alikuwa Dokta Mwaipopo, mtaalamu wa visukuku vidogo, yaani mabaki ya viumbe wa kale wasioonekana kwa jicho. Alikuwa mtu wa Tukuyu, kule mvua isikouliza msimu, na tangu alipohamishiwa kwetu alitembea na mwavuli mwaka mzima. Alisema ni kwa ajili ya jua. Sisi tuliamini ni kwa ajili ya kumbukumbu. Siku ile alikuwa ameinamia hadubini, nikaona kisogo chake kabla ya kuona uso.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umewahi kuona bahari?"

"Sijawahi."

"Hata ziwa?"

"Nimeona Bwawa la Hombolo."

"Lilikuwa na maji?"

"Siku ile lilikuwa nayo."

"Inatosha. Keti. Wanaotoka pwani hunisumbua sana, wanadhani wanaijua."

Akanipisha kwenye kiti. Chini ya lenzi kulikuwa na kitu ambacho kwa macho ningekiita vumbi na kukifuta. Kwa hadubini kilikuwa magamba: mengine ya mviringo, mengine yamebandikana kama kishada cha zabibu, mengine bapa kama chapati iliyokunjwa pembeni. Yalikuwa maangavu kama kioo. Mojawapo lilikuwa na miiba mirefu kila upande, kama aliyejiandaa kwa ugomvi. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Dokta akasema kwamba huo ndio mwanzo wa ajira yangu, na kwamba shingo haitapona.

Aliyokuwa nayo kwenye kioo yalikuwa magamba ya planktoni, viumbe wadogo wa baharini wasioweza kushindana na mkondo. Maji yakienda huku, nao wanakwenda huku. Maji yakirudi, wanarudi. Dokta alisema wanafanana na watumishi wakati wa uhamisho. Wakifa, magamba yao huzama chini na kufunikwa na tope, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Baadaye sakafu ile ya bahari ikainuka na kuwa nchi kavu, na leo ndiyo ardhi ya Kilwa na Lindi ambako watu wanalima mihogo. Udongo wake ni laini na haupitishi maji kirahisi, ndiyo maana magamba yamebaki mazima. Wachorongaji waliushusha mtambo wao, wakavuta udongo kwa mapande marefu ya mviringo, nasi tukayaita miwa. Miwa ikapakiwa kwenye maboksi na kuletwa Dodoma.

"Kule Kongwa," Dokta alizoea kuwaambia wageni, "wakoloni walileta matrekta kulima karanga mahali pasipo na mvua. Sisi tumeletwa kuosha bahari mahali pasipo na maji. Nchi hii ina msimamo."

Alikuwa hatanii kuhusu maji. Kila sampuli ilitaka kulowekwa, kuvunjwavunjwa kwa vidole, kisha kuoshwa juu ya chekeche laini hadi tope liondoke na magamba yabaki. Bomba letu lilikuwa la heshima tu. Tulisubiri boza la maji kama tunavyosubiri ndugu, na boza likifika, mimi na Chiwanga, mtunza ghala, tulijaza kila chombo chenye mdomo. Chiwanga alikuwa Mgogo wa Hombolo, mdakaji wa zamani wa timu ya kata, na hakuna kitu alichokipenda kama kulinda. Nilipomwaga tope lililooshwa alitikisa kichwa.

"Maji yote hayo, Bi Zaina, unamwosha mdudu aliyekufa. Walio hai huku Miyuji hawajaoga."

Siku ile nilimalizia kuosha kwa kikombe badala ya ndoo.

Sasa mambo ya kazi, kwa mnaobaki. Kabla ya kuosha sampuli mpya, lichovyeni chekeche kwenye ile rangi ya buluu. Gamba lililonasa kwenye nyuzi kutoka sampuli ya jana litageuka buluu, na mkiliona kesho mtajua ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Mwenzenu mmoja, ambaye sasa ni mkubwa mahali fulani, aliidharau rangi hii akagundua kiumbe aliyeishi katika zama mbili zilizoachana kwa mamilioni ya miaka. Alikuwa ameanza kumtafutia jina. Tanuri lisipande sana joto. Brashi ya kuokotea iwe na nywele chache kabisa, na ncha yake ilowe kidogo ili gamba linate. Miongozo inasema tutumie maji safi. Sisi wa zamani tulitumia ulimi. Kwa hiyo naweza kusema kwamba nimeilamba bahari katika utu uzima wangu wote, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa sijaiona.

Niliiona hatimaye tulipoitwa kwenye semina Dar es Salaam. Nilikwenda ufukweni asubuhi, nikasimama, nikatazama. Maji mengi sana. Sikuona hata planktoni mmoja. Nikarudi Dodoma, ambako bahari inaonekana.

Kanuni moja ya Dokta haikuwa na mzaha ndani yake. Kila muwa ulipasuliwa kwa urefu. Nusu moja tuliikata, tukaiosha, tukaichunguza. Nusu ya pili tuliifunga na kuirudisha kwenye boksi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata yeye.

"Hii ni ya nani, Daktari?" nilimuuliza mwanzoni.

"Ya mtu ambaye hajazaliwa. Atakuja na swali ambalo sisi hatuna akili ya kuliuliza. Tukimalizia udongo wote kwa maswali yetu, yeye atauliza nini?"

Kesi ngumu kuliko zote niliipata nilipokuwa nimeshaanza kujiona fundi. Nilikuwa napanda na muwa mmoja kutoka chini kwenda juu, maana yake kutoka zamani kuja karibu na leo. Wale wa miiba walikuwepo katika kila sampuli. Nikawazoea kama majirani. Ghafla, sampuli iliyofuata ilikuwa haina hata mmoja. Nikaosha tena. Hakuna. Nikadhani nimewavunja kwa vidole, nikadhani tanuri limewaunguza, nikadhani nimechanganya maboksi. Nikachukua sampuli ya juu yake, na ya juu zaidi. Vishada vya zabibu vilikuwepo, wadogo wa kawaida walikuwepo. Wa miiba, kimya.

Nilikwenda kwa Dokta nikiwa nimejiandaa kuomba radhi.

"Nimewapoteza wale wa miiba."

Akachungulia, akasogeza kioo huku na huku. "Hujawapoteza wewe. Wamekufa. Hapa ndipo dunia ilipopoa."

Ndipo akanieleza, huku mwavuli umeegemea meza. Miaka milioni thelathini na nne hivi iliyopita, baridi iliongezeka, barafu ikatanda ncha ya kusini ya dunia, na bahari ikabadilika mpaka huku kwetu kwenye joto. Waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya hali ya zamani hawakuweza kuendelea. Chini zaidi kwenye ardhi ile, miaka milioni hamsini na sita hivi iliyopita, kulikuwa na kisa kilicho kinyume. Joto lilipanda kupita kiasi. Wengi wa waliokaa sakafuni mwa bahari walikwisha. Juu, baadhi ya planktoni walipoteza miani, mimea midogo ya majini iliyoishi nao na kuwapatia chakula, yaani wapangaji wao walihama na kodi ikakatika. Wakatokea viumbe wa sura ngeni walioonekana kipindi kile cha joto tu, kisha wakatoweka joto liliposhuka. Sisi tuliwaita watu wa semina.

"Na nani anabaki, Daktari?"

"Mara nyingi wadogo, wa kawaida, wasio na masharti. Wanaokula kinachopatikana na kukaa panapopatikana. Zahama ikipita, kutoka kwao ndipo wanazaliwa wengine, nao baadaye wanaanza tena kuota miiba na mapambo." Akanitazama juu ya miwani. "Utaona jambo hilo hilo ofisi zikipangwa upya."

Nimeziona ofisi zikipangwa upya mara kadhaa. Alisema kweli kuhusu miiba.

Dokta alistaafu akarudi Tukuyu, na siku ya kuondoka aliniachia mwavuli na neno moja. "Zaina, nusu ya pili. Wewe utaweza kubishana nao kuliko mimi, kwa sababu hawakutegemei kubishana." Kuanzia siku ile ghala la nyuma likawa juu yangu. Yale maboksi ambamo wa miiba wanatoweka, tuliyoyaita ya mpakani, ndiyo yaliyoninyima raha. Mahali penye mpaka ulio wazi namna ile si pengi duniani, na ukishauosha, umeuosha.

Zikaja lebo. Agizo lilitufikia kwamba vitu vyote vya ofisi viandikwe kwa Kiswahili sanifu, jambo ambalo naliunga mkono na nitaendelea kuliunga mkono. Tuliunda kikundi cha kutafuta maneno. Jina la aina ile ya udongo, kamusi ilisema bila kusita, ni udongo wa mfinyanzi. Kwa visukuku vya planktoni tulibishana hadi chai ikapoa, tukapata fungu la maneno zuri sana lililoeleza kila kitu na ambalo halikuenea ubavuni mwa boksi. Likaachwa. Chiwanga akachukua rangi nyeupe na kuandika, kwa mwandiko wake mkubwa kama wa ubao wa magoli, boksi baada ya boksi: UDONGO WA MFINYANZI – KILWA. Kiswahili kilikuwa sanifu. Kilichokuwa na thamani hakikutajwa, na kisicho na thamani kilisomeka kutoka getini.

Hilo lisingekuwa neno kama mji usingekua. Lakini Serikali ilikuwa imehamia, ofisi zinaongezeka, na kila chumba chenye paa kilitafutwa. Ikaundwa kamati ya kuondoa mali zisizohitajika. Katibu wake alikuwa Bwana Nelson, kijana mpole, msafi, aliyepiga hodi hata kwenye milango iliyo wazi. Nami nilikuwa nimebakiza mwaka wa mwisho wa kazi.

"Shikamoo, mama. Samahani, hivi ofisi hii inafinyanga vyungu?"

"Marahaba. Hapana."

"Imewahi?"

"Haijawahi."

"Ina mpango?"

"Haina, mwanangu."

"Sasa huu udongo wa mfinyanzi ghala zima ni wa nini?"

"Tunachotunza si udongo. Ni vilivyomo ndani yake. Mna vijidudu vya baharini."

Bwana Nelson akarudi nyuma hatua moja. "Ndani ya maboksi?"

"Ndiyo."

"Wengi?"

"Kijiko cha chai hakikosi maelfu."

"Na mmekaa nao miaka yote hii?"

"Hatujagombana."

Nilimpeleka kwenye hadubini. Akachungulia, akasema anaona nyuzi nyeusi. Nikamwambia hizo ni kope zake, asogee. Akasogea. "Ni wazuri kweli," akasema. "Wanauma?"

"Wamekufa kabla mtu hajawa mtu."

"Nimeelewa, mama. Nimeelewa kabisa."

Wiki iliyofuata muhtasari wa kikao ukaletwa. Ulisema kwamba ghala la nyuma limebainika kuwa na wadudu wengi, kwa maelezo ya msimamizi mwenyewe, na kwamba udongo uondolewe haraka kwa usalama wa watumishi. Nilikwenda kulalamika. Bwana Nelson alinipa kiti, akasikiliza kwa upole wote, akasema anajua walikufa, amewaona kwa macho yake. "Lakini mama, kwenye muhtasari tumeshaandika."

Chiwanga alinisubiri mlangoni amenuna. "Nasikia umetangaza wadudu. Ungeniambia mimi kwanza. Mimi mle ndani huwa nakula ugali wangu."

Niliandika ufafanuzi, nikapanda ngazi zote zenye zulia na zisizo na zulia. Kila ofisi ilinielewa. Sijawahi kueleweka kama mwaka ule. Na kila aliyeelewa alimalizia kwa kuuliza kama udongo wenyewe ni mzuri, maana kulikuwa na kikundi cha akina mama wafinyanzi kutoka Hombolo, na ofisi ikiwapa itakuwa imewezesha wanawake, na picha zitapigwa. Nilikuwa nimeingia vitani dhidi ya uwezeshaji wa wanawake. Mimi mwenyewe nisingejiunga upande wangu.

Nilichoweza kufanya ni kumwambia Chiwanga ayatoe maboksi ya mpakani na kuyaweka mahali salama. Kwangu salama ni nyuma kabisa, ukutani, gizani. Kwa mdakaji salama ni pale alipo yeye. Akayapanga mlangoni, kando ya kiti chake, ili asiyaondolee macho.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Sechelela, akaja asubuhi na gari dogo la mizigo, siku ambayo Chiwanga alikuwa ameitwa kusaini mambo ya likizo. "Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo kabla hajashuka, na ghala zima likaitikia. Alikuwa mama mpana, mcheshi, mwenye mikono inayopima kila kitu inachogusa. Alikataa kubeba shehena yote kabla hajaujaribu udongo. Akachukua boksi moja, la karibu na mlango. Nilipotoka maabara gari lilikuwa limeshapita getini, na penye maboksi ya mpakani palikuwa na pengo. Boksi lililochukuliwa lilikuwa lile la juu tu ya mstari wa mpaka, ambamo wa miiba wanakosekana kwa mara ya kwanza.

Chiwanga aliporudi alilitazama pengo lile kama mtu aliyefungwa goli akiwa anafunga kamba za viatu. Akakaa kwenye kiti chake akayawekea miguu yaliyobaki.

Nilimpigia simu Dokta, kule Tukuyu. Nilisikia mvua kwenye bati lake.

"Boksi moja," akasema. "Na mengine?"

"Kamati inakaa kuamua mengine. Vyungu vikitoka vizuri, yanaondoka yote."

"Basi tuombee vyungu," akasema, na sikujua anaviombea nini.

Vyungu vilitoka vizuri. Viliwekwa mezani siku ya kikao, vitatu, vyekundu, vyenye shingo nyembamba, vimejazwa maji tangu asubuhi ili wajumbe wanywe na kushuhudia. Mama Sechelela alialikwa amevaa kitenge kipya. Mpiga picha alikuwepo. Mimi nilikaribishwa kama mwenye mali, yaani mtu wa kutoa neno la kuridhia. Nilitazama vile vyungu, na nakiri vilikuwa vizuri. Nilitafuta cha kusema kuhusu mtu ambaye hajazaliwa kisichofanana na kichaa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa katikati ya sentensi ya kumshukuru kila aliyehusika, ndipo chungu cha kwanza kikasema *ta*. Kipande chembamba kikaruka kutoka ubavuni, kikatua kwenye sahani ya karanga. Palipotoka pakabaki kidoa cheupe. Mwenyekiti akaendelea. *Ta*, cha pili. *Ta, ta*, cha kwanza tena. Maji yakaanza kutambaa mezani kuelekea kwenye makabrasha, na wajumbe wakainua karatasi zao kama watu wanaovuka mto.

"Jamani," alisema Mama Sechelela, amesimama, na ucheshi umemwishia. "Mimi nimeanza kufinyanga sijaota meno ya mbele. Chungu changu hakijawahi kuniaibisha mbele za watu. Huu udongo mmeutia nini?"

Macho yote yakanigeukia.

"Hatukuutia kitu, mama yangu. Una magamba. Moto umeyageuza chokaa, na chokaa ikinywa maji inavimba, inapasua."

"Magamba ya nini?"

"Ya vile vijidudu."

"Wale wadudu wa kwenye muhtasari?" akauliza mjumbe mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo.

"Hao hao."

Mjumbe yule akavitazama vyungu. *Ta*. "Kwa hiyo hata moto haujawaua," akasema, na Bwana Nelson, kwa utii wa kalamu, akaandika.

Mnajua kilichofuata, lakini niliahidi kuandika kwa mpangilio. Akina mama wa Hombolo waliukataa udongo, na kwa haki kabisa. Ikapendekezwa ukatupwe dampo. Dampo likaomba maelezo ya taka, likapelekewa muhtasari, likajibu kwamba halipokei wadudu wasiouawa na moto. Ikapendekezwa ufukiwe uwanjani kwetu. Majirani wakapata habari. Udongo haukutoleka kwa mtu kwa sababu ya kosa la kwanza, la lebo, na haukutupika kwa sababu ya kosa la pili, la muhtasari. Mwishowe likatoka agizo la maandishi: maboksi yabaki yalipo, yasifunguliwe, yasihamishwe, na ghala lisipangiwe matumizi mengine hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo.

Nilimsomea Dokta kwa simu, neno kwa neno. Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote ya utumishi wangu," akasema, "nimeomba agizo hilo kwa barua za kitaalamu." Halafu akauliza kuhusu lile boksi moja. Nikamwambia vigae vyake vyote ninavyo, nimevikusanya chini ya meza wakati wajumbe wanapiga picha ya pamoja. "Vifungie," akasema. "Pengine yule ambaye hajazaliwa atavitakia kitu."

Chiwanga hakusubiri kikundi cha kutafuta maneno. Alichukua ndoo ya rangi, akafuta UDONGO WA MFINYANZI kwenye kila ubavu, na juu yake akaandika kwa mwandiko ule ule wa magoli: WADUDU. Neno moja, sanifu, linaenea. Tangu hapo kamati zikifika kwenye korido ile hukumbuka zina kikao kingine. Maofisa walioagizwa kupima chumba walikipima kwa macho, kutoka mbali. Chiwanga akarudi kula ugali wake mle ndani kwa amani ambayo hakuwahi kuwa nayo. Na boza likiwa limekuja, niliosha zile nusu zetu za halali, nikachovya chekeche kwenye buluu, nikaokota. Wadogo, wa kawaida, wasio na masharti. Nilianza kuwaheshimu kwa namna mpya.

Imebaki siku moja ya kueleza. Ilikuwa katika juma langu la mwisho. Nilikuwa nimefungasha kikombe changu na mwavuli wa Dokta, natafuta mahali pa kuuegemeza, nikasikia hatua zikija kwenye korido. Nilisubiri zisimame kwenye mlango wa ghala na kugeuka, kama hatua zote. Zilisimama. Hazikugeuka.

Alikuwa binti wa chuo, begi mgongoni, vumbi hadi magotini, aliyeelekezwa vibaya na watu watatu, kila mmoja wao kwa heshima. Kwa umri wake, miwa ile ilikuwa imeshapasuliwa na kufungwa kabla hajazaliwa. Alisimama akisoma ubavu wa boksi la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, kama mtu anayetafuta sentensi inaishia wapi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nani?"

Alikuwa bado anatazama lile neno, na akalinyooshea kidole.

"Bibi, wadudu gani?"

Nimeeleza ghala lile kwa wakuu na kamati, kwa majirani na kwa dampo. Wote walisoma neno hilo. Hakuna aliyewahi kuuliza gani. Nikatazama upande wa Chiwanga, naye akashusha miguu yake taratibu kutoka kwenye maboksi ya mpakani.

"Umewahi kuona bahari?" nikamuuliza yule binti.

"Mara moja, bibi. Tulipelekwa na shule." Akafikiri. "Maji mengi tu. Sikuona kitu."

Nikavuta kiti hadi kwenye hadubini, nikakifuta vumbi.

"Keti."